Tikiti ile ya Maskati

Kaka,

Picha za harusi ya mwanao nimeziona kwenye simu ya jirani. Kanzu imemkaa, na pale alipoinama kumbusu mama yake mkono nikamwona marehemu Ami mtupu. Mungu awajaalie kheri na kizazi chema. Mimi kadi sikuletewa, na sababu naijua. Ujumbe wangu huujibu, simu yangu huipokei, basi nakuandikia hapa, mbele za watu.

Nilimfungulia mwanao geti, nilipokuwa mgeni wako Maskati. Sijawahi kukataa. Alfajiri ile ya Februari 2011, vijana wa Oman wakiandamana, ulikwenda msikitini, ufunguo ukauacha juu ya friji nyuma ya kopo la halua, ukaniambia, "Huyu asitoke." Akaja na kanzu mkononi, akaniomba nimpigie pasi. Nikampigia. Kwapani ana kipande cha boksi alichokiandika kwa Kiarabu. Nikamuuliza kinasema nini, akanisomea: tunataka kazi, tunataka Majlis Shura, lile baraza lenu la kuchaguliwa, yenye nguvu. "Shangazi, nina miaka 21 nafungiwa kama kuku." Ningefanyaje? Angeruka ukuta, na ukuta wako umepandwa vipande vya chupa.

Kule mji wa Sohar damu ya waandamanaji ilimwagika, najua. Mwanao alikaa ndani siku tano, na siku zile tano mimi pia sikulala.

Lakini lililonikaa moyoni si hilo. Ni usiku aliorudi. Tumezunguka sinia, wakeze ndugu zako wapo, watoto wapo. Nikasema neno moja tu, kwamba mtoto hakuiba, alisema. Ukaliacha tonge, ukaniangalia: "Wewe bingwa wa kura, tikiti yako ya ndege kalipa nani?"

Nikanyamaza. Nilikuwa na la kukujibu, Kaka, tena zito. Ila tikiti yako, kitanda chako, wali wako. Nikaangalia zabibu kwenye mchele mpaka watu wakanawa.

Nimeufikiria sana ukimya ule, na nadhani ndio ukimya wa nchi nzima. Kwa miaka mingi zaidi ya theluthi mbili za mapato ya serikali yenu zimetoka kwenye mafuta na gesi. Serikali haikuhitaji kuingiza mkono mfukoni mwako. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikupa: skuli, hospitali, kiwanja, mshahara. Mtu anayekulisha utamdai hesabu kwa uso gani? Kwetu Zanzibar mama muuza samaki sokoni humfokea diwani kwa sababu ushuru ameulipa asubuhi, risiti anayo kwenye kanga.

Tazama na mwanao alivyonyamazishwa. Vijana walisimama barabarani, zikatangazwa ajira 50,000, na riali 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Haki isemwe, mwaka huohuo Majlis Shura iliongezewa madaraka kidogo. Lakini mwanao alipata kazi serikalini, na boksi lake halikutajwa tena nyumbani kwako. Wewe ukasema, "Si umeona, amepewa." Alikuwa ameomba mawili, Kaka.

Sikosi shukrani. Ami aliposikia wito wa Sultani Qaboos baada ya 1970 akafunga mizigo, alikuta nchi yenye shule tatu. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa 1967 tu. Kilichojengwa baada ya hapo nimekiona kwa macho yangu, na dawa za Mama ulinunua wewe, sijasahau.

Najua pia utakachonijibu: kwetu hakuna hata pipa moja, na uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa watu wakiwa wameshapiga kura. Kweli. Na Januari 2001 Pemba tulizika watu kwa ajili ya kura, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Mafuta hayakuhusika. Lakini angalau tulikuwa na cha kunyang'anywa, na tulijua kimenyang'anywa. Hofu yangu ni haya yajayo. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ilipitishwa 2016, mkataba wa kitalu cha Pemba na Unguja ukatiwa saini 2018. Yakipatikana kweli, serikali isiyoitegemea risiti ya mama muuza samaki itamsikiliza kwa lipi? Norway walikuwa na bunge lao zamani kabla ya kuyakuta mafuta baharini. Sisi tunataka kuanza na mafuta.

Na nyinyi sasa mmeanza kutozwa. Bei ya mafuta iliporomoka, na tangu Aprili 2021 mnalipa kodi ya asilimia 5 dukani. Kodi ya mapato imeshapitishwa, itaanza 2028 kwa wenye vipato vikubwa. Nimesikia kwa watu kwamba unalalamika: "Zinakwenda wapi?" Nilivyosikia hivyo nililia. Mwanao alikuuliza swali hilo ukamfungia geti.

Ninaandika kama nakuhukumu, na sivyo nilivyokusudia. Nimekukumbuka tu.

Mtoto wa Halati anasafiri Alhamisi. Nimempa bahasha yenye pesa ya tikiti ile, nimeichanga kidogo kidogo, imetimia. Ipokee, uihesabu. Halafu nipigie, nikujibu lile uliloniuliza kwenye sinia.

Dada yako