Mjomba wako atakaa mbele

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka nimwombe mjomba wako asije siku ya kupokea posa, kwa kuwa mkweo ni shabiki wa timu ya Coastal damu na wawili hao waliwahi kutupiana maneno makali pale uwanja wa Mkwakwani. Unaogopa posa isije ikaharibika.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mimi nilitoka nyumba ya mashabiki wa African Sports, Wana Kimanumanu tangu babu yako, nikaolewa kwa watu wa Coastal, Wagosi wa Kaya. Ngamiani ya Tanga unaijua, mtaa mmoja wakicheza ngoma, wa pili wamefunga milango. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Bara, nilikuwa na miezi michache tu katika ndoa. Nyumba ilifurika watu. Mimi niko uani na sufuria la pilau, wifi zangu wanaimba, mara nikasikia kengele ya baiskeli mlangoni.

Nikachungulia kwenye upenyo wa ua wa makuti. Ni kaka yangu, ana kikapu. Akapiga kengele tena. Nikainama, nikaendelea kupalia makaa juu ya mfuniko, kama sikusikia. Hakuna aliyenikataza kutoka, mwanangu. Niliona haya tu, wasije wakasema bibi harusi bado yuko kwao. Kengele ya tatu haikulia. Kikapu nilikikuta kizingitini, changu wanne ndani ya majani ya mgomba, mama kanitumia.

Jioni baba yako akaniuliza, "Shemeji mbona hakuingia?" Nikanyamaza.

Mjomba wako hajalitaja jambo hilo hadi leo. Na baba yako alipopunguzwa kazi kiwandani, ada yako ya kidato cha tano alilipa yeye.

Mchumba wako nampenda. Namwona anavyochuchumaa kumsalimia bibi yako, haharakishi. Ukoo wake nao tutauheshimu. Lakini kumzuia kaka yangu mlangoni mara ya pili, hilo siliwezi, hata kwa ajili yako.

Nimeshamwambia, Jumamosi saa nne. Atavaa kanzu yake ya Idi. Baba yako amesema watakaa mkeka mmoja, mbele, mshenga aanze kwa kumsalimia yeye. Mpigie simu wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa, umkaribishe kwa mdomo wako.

Mama yako