Mama, taarifa ya nne sitakutumia

Kisumu, Alhamisi usiku

Mama yangu mdogo,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako tangu jana anahangaika na omena. Amezianika, amezikaanga, sasa anatafuta kopo lenye kifuniko ili zifike kwako Kakamega zikiwa kavu. Nimemwambia Kakamega kuna soko. Hakunijibu.

Uliniomba taarifa nne za mfano kwa waandishi wa habari usije ukaanza kazi Jumatatu mikono mitupu: ya timu ikifungwa vibaya, ya kocha akifutwa, ya mashabiki wakizua fujo, na ya mishahara ikichelewa. Tatu umeshazipata kwenye baruapepe. Ya nne ninayo, iko kwenye tarakilishi yangu ya zamani, lakini sitakutumia. Usinipigie simu kunibembeleza kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza acha nifurahi kidogo. Miaka yote hii nimekuwa afisa wa uhusiano mwema na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuelewa ninachofanya. Nyanya yako, uliyepewa jina lake na ndiyo maana nakuita mama, aliwaambia majirani kule Mbale kwamba mimi "huandika barua za wakubwa". Hakukosea sana. Sasa na wewe umekuwa msemaji, tena wa klabu ya kandanda, na ghafla baba zako wadogo wote wanaielewa kazi hii na kila mmoja ana ushauri.

Wewe ni mtoto wa mashemeji, mama Mluo baba Mluhya, hilo unalijua tangu ukiwa mdogo, Gor Mahia, timu ya Waluo, ikicheza na AFC Leopards, ya Waluhya, na sebule yetu ikigawanyika kama mahakama: wajomba zako upande wa dirisha na jezi zao za kijani, ndugu zangu upande wa mlango. Lakini jambo moja sidhani nimewahi kukusimulia. Mwaka 1987 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Walitoka sare ya 2-2 kule Tunis, na marudiano yakawa Nairobi. Babu yako, mfuasi wa Leopards hadi alipoingia kaburini, aliapa kwamba redio yake haitatangaza mechi ya Gor. Tukaenda kusikiliza kwa jirani. Baada ya muda nikamwona nje ya dirisha la jirani, eti anachonga mpini wa jembe. Mechi ikaisha 1-1, Gor wakatwaa kombe kwa mabao ya ugenini, klabu ya kwanza ya Kenya kulitwaa. Mzee akaingia ndani bila kubisha, akasema, "Hata hivyo, ni shemeji zetu," akaketi akaomba chai.

Nakusimulia hivi kwa sababu ya neno moja nililoliona kwenye barua yako ya kazi: "wateja". Wameandika kwamba utawasiliana na wateja wa klabu. Mama, mteja wa sabuni akichukizwa hununua sabuni nyingine. Wale wazee waliunda Abaluhya United mwaka 1964, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipotaka vilabu viache majina ya makabila, jina lilibadilika likawa AFC Leopards, lakini hakuna aliyeuliza timu ni ya nani. Babu yako hakuwa mteja. Alikuwa mwenye mali, na mwenye mali ukimwandikia kana kwamba unamuuzia kitu, anakasirika hata kama umemwandikia kwa adabu.

Sasa nikwambie kuhusu Jumamosi. Chuoni walikufundisha kwamba anayetunyang'anya mashabiki ni Arsenal. Ni kweli, pita Kondele Jumamosi jioni uone watu walivyosongamana vibandani wakitazama ligi ya Uingereza. Hata mwaka 2021, Vihiga Queens walipokwenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya wanawake, ya kwanza kabisa barani, wasichana wa kwetu kabisa, nilifungua gazeti asubuhi nikakuta habari yao imebanwa chini ya habari ya goti la mchezaji fulani wa Uingereza. Goti! Lakini huku kwetu Arsenal ni wa pili. Wa kwanza ni matanga. Jumamosi ni siku ya kuzika. Mtu hawezi kuacha maziko ya jirani akaenda uwanjani Bukhungu, akionekana huko atasemwa mpaka msimu uishe. Kwa hiyo mkicheza Jumamosi na majukwaa yakiwa matupu, usikimbilie kuandika kwamba mashabiki wameitupa timu. Uliza kwanza ni nani amezikwa.

Halafu klabu iende huko matangani. Si kuomba kipaza sauti, huko wanasiasa wanatosha na wanabaki. Aende kiongozi mmoja, mchezaji mmoja, rambirambi ndani ya bahasha, wakae na watu wale kilichopo. Ile ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, inamsindikiza marehemu asubuhi na inapigwa bao likiingia jioni. Mara nyingi wapigaji ni walewale. Ukiwajua wapigaji isukuti umewajua watu wa Kakamega kuliko ripoti yoyote watakayokuwekea mezani.

Tena siku ya fahali kupigana, amka alfajiri uende Khayega au Malinya. Hutaona bango lolote. Fahali anatembezwa na wenyewe kwa ngoma na nyimbo, na kila boma anapopita watu wanatoka na kufuata, hata aliyekuwa anapiga mswaki. Mimi nimelipia matangazo ya redio asubuhi hadi jioni nikapata watu mia mbili.

Kuhusu pesa za mpira sitakuchosha. Ukanda wa miwa ulilea timu nyingi: Chemelil, Muhoroni, Nzoia, na Sony Sugar waliotwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2006. Sukari ilipoyumba, timu ziliyumba nayo. Sony waliondolewa ligini mwaka 2019 baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu, na mwaka huohuo kampuni ya kamari ya SportPesa ilipokosa leseni, Gor na Leopards wote wawili waliachwa jezi bila mdhamini. Klabu zetu hula kutoka mfuko mmoja. Mfuko ukitoboka, msemaji ndiye anayeitwa kuja kushona kwa maneno.

Na hapo ndipo ilipo taarifa ya nne.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni moja, sitaitaja na wewe usiibashiri mezani mbele ya wajomba zako, iliyokuwa ikidhamini timu ndogo ya ligi ya chini. Vijana walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Uvumi ukafika redioni. Mkubwa wangu akaniita asubuhi, akataka taarifa kabla ya saa nne iseme kwamba wachezaji wamelipwa. Nikaenda kwa mhasibu. Mhasibu akasema hundi iko mezani inangoja sahihi. Nikajua hawajalipwa. Lakini nikajiona mjanja: sikuandika "wamelipwa". Niliandika, "Malipo ya wachezaji yameshughulikiwa."

Litazame hilo neno, mama. Yameshughulikiwa. Halisemi nani, halisemi lini, halisemi shilingi ngapi. Nilijivunia siku nzima. Mkubwa alinipongeza kwa simu.

Karibu na uwanja wao wa mazoezi kulikuwa na mama mwenye kibanda cha chakula. Vijana wapatao kumi walikuwa wakila kwake kwa deni: chapati na madondo mchana, ugali na sukuma jioni, siku ya kufurahi matumbo. Kila sahani aliiandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Hakuwahi kuwasumbua, alijua hawana. Asubuhi hiyo alikuwa anakanda unga, redio iko juu ya ndoo, akanisikia. Mimi sikusoma mwenyewe, alisoma mtangazaji, tena kwa lugha ya mama, na katika lugha ya mama "yameshughulikiwa" ikawa "wamelipwa", kwa sababu mtangazaji ni binadamu na alitaka kueleweka.

Basi yule mama akajua vijana wamepokea pesa wakamficha. Alifunga kibanda, akachukua daftari, akaenda uwanjani mazoezi yakiendelea. Golikipa ndiye aliyekuwa na deni kubwa kuliko wote. Alimwita mwizi mbele ya wenzake, mbele ya watoto waliokuwa wakiokota mipira. Kijana akasema hajalipwa. Akamwambia, "Hata redio unaiita mwongo?"

Niliambiwa jioni. Kesho yake nikaenda kibandani, si kwa sababu ya ujasiri, nilitumwa "nikamtulize". Nikaanza maneno yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafungua daftari kwenye ukurasa wa golikipa, akanisogezea kalamu, akaniuliza, "Baba, kushughulikiwa ni shilingi ngapi? Niandikie hapa."

Sikuwa na cha kuandika.

Wachezaji walilipwa, wiki tano baadaye. Golikipa hakurudi mazoezini. Nilikutana naye mara moja, miaka ilikuwa imepita, Kibuye siku ya soko, amebeba godoro kichwani. Alinisalimu vizuri, akaniulizia hali ya watu wa nyumbani. Nilitamani angenitukana. Sikumwomba msamaha, nilisema nina haraka nikaondoka. Mama yako anajua kisa hiki, na sasa wewe.

Taarifa ya nne ni ile ile. Nimeibakiza pale na nafasi za kujaza tarehe na jina la timu, na neno lile katikati. Ndiyo maana huipati.

Mishahara ikichelewa, na itachelewa, fanya hivi. Pata kwanza kutoka kwa mwenyekiti na mweka hazina mambo manne: deni ni kiasi gani, ni la miezi mingapi, nani anapaswa kulipa, siku gani. Wakikosa kukupa siku, andika kwamba siku haijajulikana. Kisha anza na wachezaji wenyewe, ana kwa ana, wasije wakasikia habari zao kutoka kwa redio. Siku hiyohiyo nenda kwa anayewalisha na kwa wenye nyumba wanazopanga. Ndiyo, wewe, kwa miguu yako. Redio na magazeti yafuate baadaye. Watakuambia umepoteza muda na habari imekutangulia. Kwani habari iko mbele siku zote. Mwenye bodaboda pale nje ya Bukhungu atajua mchezaji hajalipwa kabla yako, maana ndiye anayembeba kwa deni.

Na uandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukiandika Kiingereza cha Nairobi ukamwachia mtangazaji wa Mulembe FM au Radio Ramogi, redio za lugha ya mama, atafsiri saa mbili kasoro dakika tano, kitakachotangazwa si chako tena. Mpigie, mwambie maana yake, mwulize atalisemaje. Wengi watakufurahia, hakuna anayewapigia kuwauliza hivyo.

Kuhusu waandishi wenyewe: wengi mashinani hawana mshahara, hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na nauli ya kuja kwenye mkutano wako ametoa mfukoni. Ndiyo maana mkutano ukiisha baadhi yao watasimama mlangoni wakijipangusa jasho lisilokuwepo. Mimi nimetoa bahasha zamani. Sikuhubirii. Nakwambia tu kwamba bahasha hupanda bei, na siku usipokuwa nayo habari yako inageuka upande. Panga mikutano uwanjani baada ya mazoezi, mahali wanapokuja hata hivyo. Wape chai wote, na chai iwe na kitafunio.

Ah, kwenye ile taarifa ya tatu, ya fujo, futa "wahuni wachache". Nilisahau kulitoa. Wale vijana wana mama zao, na mama zao ndio watakaokuuzia nyanya.

Jumapili wajomba zako wote wanakuja kutazama derby, na mama yako ameshanunua kuku wawili, mmoja kwa kila upande, ili lisije likazuka neno. Ukitaka kupiga simu piga wakati wa mapumziko. Kopo limepatikana, lilikuwa la rangi ya nyumba lakini ameliosha mara tatu. Tutalituma kwa matatu ya saa moja asubuhi, nambari ya gari nitakuandikia. Liwahi kituoni mwenyewe, usimtume mtu.

Ni mimi,
Baba yako