Hema la juu lisubiri, anzieni chini ya gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenzangu wanaonunua Land Cruiser na Land Rover za zamani, hasa zile zinazotoka kwenye minada hapa Dodoma, kwa nia ya kwenda kulala porini: Ruaha, Rungwa, Swagaswaga, bwawa la Mtera au kwenye michoro ya miamba ya Kolo kule Kondoa. Siku hizi gari likitoka mnadani Jumatatu, Ijumaa limeshafungwa hema juu ya keria, mkonga (lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) na taa za kila aina. Chini yake springi ni zilezile zilizochoshwa na mizigo ya mradi, na rejeta hakuna aliyeifungua. Rai yangu ni kwamba fedha ya kwanza iende chini ya gari na kwenye injini. Vitu vya kupigia picha vije mwisho.

Kinachoyamaliza magari haya ni uzito, nao huingia kidogo kidogo bila mtu kuushtukia. Chukua karatasi upige hesabu. Hema la juu, kilo 60. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani, 50. Madumu mawili ya chuma yenye dizeli lita 20 kila moja, karibu 40. Maji lita 60, kilo 60. Tairi la pili la akiba na rimu yake, 35. Friji ikiwa imejaa, 40. Droo za plaiwudi, 70. Betri ya pili, 25. Spana na jeki, 20. Watu wanne na mabegi yao, 300. Hizo ni kilo 700, na chakula bado hakijapakiwa. Kwenye kibati au kitabu cha gari kuna uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba, watu wakiwemo. Usikisie. Jaza tanki, pakia kila kitu, peleka gari kwenye mzani wa malori ya mazao, pima ekseli ya mbele peke yake kisha ya nyuma. Wengi watakuta mbele pako sawa na nyuma pamezidi, kwa sababu tairi la pili na madumu vimening'inizwa kwenye mlango wa nyuma. Mzigo ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huikandamiza ekseli hiyo kuliko uzito wake wenyewe, hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele hadi usukani ukawa mwepesi, na bawaba za mlango hupasuka.

Mafundi wengi hukimbilia kuongeza chuma kwenye springi. Kabla ya hapo, punguza mzigo. Plaiwudi ya milimita 12 inatosha kabisa kwa droo, na ni nyepesi kwa theluthi moja kuliko ile ya milimita 18 ambayo maseremala wetu huipenda. Hema la turubai la kusimika chini halikai kichwani mwa gari kwenye mteremko wa Kilimatinde. Maji yakae chini, nyuma ya viti vya mbele, katikati ya ekseli mbili, tena kwenye madumu matatu ya lita 20 badala ya tanki moja, maana dumu moja likitoboka unabaki na mawili. Kwa kunywa na kupika, lita 5 kwa mtu kwa siku ni kipimo cha kuanzia, kwa hiyo lita 60 ni watu wanne kwa siku tatu. Ya kuoga ni hesabu nyingine.

Ukishajua uzito wako halisi ndipo ununue springi zinazoulingana. Springi ngumu mno kwenye gari linalotembea tupu wiki nzima mjini hupeleka kishindo chote kwenye chasisi na bodi, na nyufa huanzia pale springi inaposhikilia chasisi. Ukifunga springi mpya, nunua na U-bolti mpya. Za zamani zimeshavutika, hazikazi tena. Bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi hujisokota siku ya kwanza na hazimalizi msimu. Kilomita 500 za kwanza zikiisha, kaza tena U-bolti zote. Zikilegea, springi hucheza, na senta bolti hukatika katikati ya safari.

Shokapu huuawa na joto. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, mafuta yaliyo ndani yake hupata moto na kutoa povu, na gari huanza kuogelea. Simama baada ya kipande kibovu cha njia, sogeza mkono polepole karibu na kila shokapu. Zilizo hai zitakuwa moto. Ile iliyobaki baridi imeshakufa, haifanyi kazi yoyote. Kipimo hiki ni bure na hakihitaji fundi.

Sasa injini. Land Cruiser nyingi za huku zina 1HZ, dizeli ya silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo. Ni injini ngumu, lakini ina mambo mawili isiyoyasamehe. La kwanza ni taimingi belti: hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hugongana na pistoni. Gari la mnada ambalo una shaka na kilomita zake, badilisha belti pamoja na roli zake kabla ya kufikiria hema. La pili ni kuchemsha. Ikichemka mara moja kwelikweli, hedi hupasuka.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya mafundi wenzangu, kwa tabia ya kung'oa themostati (kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) na kumwambia mteja kwamba "nchi yetu ni ya joto". Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ile hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka tu ndani. Mjini hutaona tofauti. Utaiona unapopanda mlima mchana, gia ya pili, na kilo 700 mgongoni. Kuipima ni rahisi: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 76, 82 au 88. Isipofunguka, tupa, nunua nyingine.

Rejeta itolewe izibuliwe ndani, na nje ioshwe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili mbegu za nyasi na vumbi vitoke kwa njia vilikoingilia. Usitumie presha kubwa, utalaza mapezi yake. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na huacha ukoko. Tumia kulenti, au maji yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na dawa yake. Angalia na klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na ya moto, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka kirahisi mizunguko kadhaa, mafuta yake ya ndani yamekwisha, na feni hiyo haivuti upepo wa kutosha.

Mkonga nao umekuwa pambo. Ile iliyotobolewa haraka mtaani huwa na viungio vilivyo wazi, na badala ya kuleta hewa safi kutoka juu huvuta vumbi la chini ya boneti. Washa injini ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao. Injini inatakiwa ikabwe na kuzima. Ikiendelea kunguruma, kuna tundu, na kwenye vumbi la kutoka Itigi kwenda Rungwa tundu hilo litasaga ringi na silinda. Gari hilo lisivushwe kwenye maji marefu hata kidogo. Refusha pia mipira ya vipumulio vya difu hadi kwenye boneti, kwa sababu difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi huvuta maji kupitia sili. Mafuta yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, ndicho kilichotokea.

Kwenye umeme kosa kubwa ni waya. Mafundi hutumia waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5 kupeleka umeme kwenye friji iliyo nyuma, mita 6 kwenda na 6 kurudi. Friji ikivuta ampia 5, waya huo unapoteza karibu volti 0.7. Betri yenye volti 12.2 inafika kwenye friji ikiwa 11.5, friji inadhani betri imekwisha na kujizima, mwenye gari anailaumu betri. Waya wa milimita za mraba 6 unapoteza chini ya volti 0.2. Isitoshe, waya wa nyumba una uzi mmoja mgumu ambao hukatika kwa mtikisiko. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi. Kati ya betri mbili pitisha waya wa 25, wenye fyuzi karibu na kila betri, si upande mmoja tu, kwa sababu waya huo unapata umeme kutoka pande zote mbili. Rilei (swichi ya umeme) ya kuunganisha betri iwe ile inayoziunganisha zikifika kama volti 13.3 na kuzitenganisha kwenye 12.8, ili friji isile betri ya kuwashia gari.

Friji ya lita 45 kwa joto letu hula kama ampia-saa 40 kwa siku. Betri ya asidi ya 100 usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una siku moja na kidogo. Ukitaka kukaa Mtera siku tatu bila kuwasha injini, weka sola ya angalau wati 160, na usiegeshe chini ya mbuyu ukategemea ichaji. Tahadhari kwa wanaoagiza kutoka Japani: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za maeneo ya baridi zina stata ya volti 24 na betri mbili. Ukiona betri mbili usidhani ya pili ni ya friji.

Tairi: ubavuni soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye mchanga wa makorongo shusha upepo hadi PSI 18 au 20, tembea taratibu, ukitoka jaza tena. Kwenye miiba ya migunga usishushe, kwa sababu ubavu hutanuka na ndiko miiba inakotoboa. Na kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Bahi ulionyeshewa, hakuna upepo wa tairi utakaokusaidia, geuza.

Kuvutana kufanyike kwa ndoano zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti ngumu, kamwe si kwenye kichwa cha kuvutia tela, ambacho kikikatika hupita kwenye kioo. Beba chepe, na ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki. Mtungi wa gesi usikae ndani pamoja na watu, maana gesi ikivuja hutuama sakafuni. Na baridi ya Juni na Julai isimshawishi mtu kuingiza jiko la mkaa hemani, hata mkaa ukionekana umefifia. Hewa yake inaua watu usingizini. Wanaokwenda Rungwa waache pia turubai za buluu nyumbani, mbung'o huipenda rangi hiyo na nyeusi.

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja Hombolo, na mzigo wote kama unakwenda mbali. Ukirudi, kaza nati za magurudumu, U-bolti na miguu ya keria, chungulia kama kuna grisi iliyochuruzika upande wa ndani wa magurudumu ya mbele, na kila kitu ambacho hukukigusa usiku ule kishushe kwenye gari.

Fundi magari,
Kizota, Dodoma