Tuache kuwacheka waliotapeliwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nijibu maneno ninayoyasikia kila mara jukwaa jipya la "uwekezaji" wa mtandaoni linapofunga milango na watu kubaki mikono mitupu. Redioni, vijiweni, hata kwenye kurasa za maoni za magazeti yetu, kauli ni ileile: tamaa mbele, mauti nyuma, wamejitakia. Mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Ifakara, na hao wanaosemwa ndio wateja wangu. Nawajua. Kauli hiyo inawaonea, na tena inawalinda wezi.

Wa rika langu tunaikumbuka DECI, ule mpango wa kukusanya pesa za watu. Watu walipanda "mbegu", yaani pesa, wakisubiri kuvuna, na sisi wa mashambani lugha hiyo ilituingia moja kwa moja. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu. Waliopanda kule wengi waliambiwa na watu waliokuwa wakisali nao. Mwanzoni mwa 2025 yakawa yaleyale na jukwaa la mtandaoni la LBL, safari hii kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu ili ulipwe. Nani aliwaingiza watu? Shemeji, jirani, mwalimu wa mtoto, mwenzako wa kikoba. Na huyo anayekuingiza mara nyingi hadanganyi, kwa sababu yeye kalipwa kweli. Wa kwanza hulipwa kweli kwa pesa za wanaofuata, na ndiyo maana anakushuhudia kwa moyo mweupe. Mtu akimwamini shemeji yake aliyemwonyesha ujumbe wa muamala, hiyo tamaa iko wapi?

Msimu uliopita wa mavuno alinijia mzee mmoja mkulima wa mpunga. Alikuwa na noti ndani ya mfuko wa rambo, na kikaratasi chenye namba ya simu. Akasema, "Mwanangu, niwekee moja kwa moja kwenye hii." Nikamuuliza jina la mwenye namba. Akajibu kwamba litatokea jina la mwanamke asiyemjua, lakini nisiwe na wasiwasi, ndiye mhasibu wao. Hapo nikaweka simu chini. Nikamuuliza kaelekezwa na nani, akasema mpwa wake, yuko Dar es Salaam, alishaanza kuvuna faida tangu zamani.

Nikamwambia, "Mzee wangu, mpigie. Mwambie atoe yote leo, mtaji na faida, asibakize hata shilingi. Ikishafika kwenye simu yake, mimi mwenyewe nitakuwekea yako."

Akapiga, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Yule kijana akaeleza kwa upole tu kwamba wiki hii kutoa kumefungwa, kila mwanachama kwanza alipe "kodi" ya asilimia fulani ya alichonacho ndani, na yeye mwenyewe anatafuta pesa ya kulipa hiyo kodi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akakata simu, akanyoosha mkono nimrudishie kikaratasi chake, kisha akaniomba zile pesa niziweke kwenye laini yake mwenyewe.

Huyo mpwa hakuwa mwizi, alikuwa tayari ameibiwa na hajajua. Natamani kila msomaji akishike kipimo hicho cha kutoa yote, kwa sababu kila jukwaa hupokea pesa kwa dakika moja. Pesa ndogo nayo hutoka kirahisi, hiyo ni chambo. Jaribu kutoa yote, ndipo utasikia kodi, ada ya kuhakiki akaunti, au masharti ya kuleta watu wengine watatu. Kodi ya Serikali au ada yoyote ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number). Hailipwi kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, awe mhasibu au nani.

Faida nayo tuitazame. Hatifungani ya Serikali ya miaka 20, yaani pesa ambayo Serikali inakopa kwa watu na kuwalipa riba, iliwahi kulipa asilimia 15.49, na hiyo ni kwa mwaka. Serikali yenye kukusanya kodi nchi nzima inalipa hivyo. Sasa mtu akiahidi asilimia 30 kwa mwezi, tena bila hasara hata siku moja, anafanya biashara gani ambayo Serikali na mabenki yote hawajaiona? Swali hilo liulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni, na liulizwe kwa anayehusika. Mwenye kukusanya pesa za uwekezaji anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mwenye kukopesha ya Benki Kuu. Cheti cha BRELA, wakala wa kusajili makampuni, peke yake hakitoshi. Kusajili jina la kampuni si ruhusa ya kuchukua akiba za watu, na hapa wengi wanababaishwa kwa karatasi yenye muhuri.

Kuhusu ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sitasema mengi, kila mwenye simu ameshaupata. Ila huu wa "nimekosea kutuma, nirudishie" bado unawaliza watu, hasa akina mama wa sokoni wakiwa wamebanwa na wateja. Ujumbe unaingia ukiwa umeandikwa sawasawa na wa kampuni, lakini umetoka kwenye namba ya kawaida, na salio halijaongezeka hata senti. Angalia salio kwanza. Na kama pesa imeingia kweli, mwenyewe aiombe kupitia kampuni yake ya simu, wewe usirudishe kwa mkono wako. Akipiga mtu akisema ni wa huduma kwa wateja, kampuni hupiga kwa namba 100. Namba nyingine yoyote kata, hata kama anakutajia jina lako kamili. Namba ya siri haulizwi na mtu yeyote, hata mimi wakala wako.

Halafu kuna mikopo ya kwenye simu, ileile mikopo ya kunyonya tunayoiita kausha damu, ila ya kidijitali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ubaya wake ni kwamba ukiipakua programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, mchungaji wako, mkwe wako na mwajiri wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Nimemwona dada mmoja mpishi akilia dirishani kwangu kwa deni dogo tu. Alichokuwa akilia ni mkwe wake kujua. Deni angelilipa.

Aibu ndiyo inayowanenepesha watu hawa. Aliyetapeliwa akijua atachekwa, hasemi nyumbani, haendi polisi, hatumi namba ya tapeli kwenda 15040, na laini ileile inaendelea kupiga simu kwa mwingine kesho yake. Wengine hukopa ili kuziba pengo kabla mume au mke hajajua, na wanakopa huko huko kwenye kausha damu.

Na sisi mawakala tusinawe mikono. Tunalipwa kamisheni kwa kila muamala, uwe wa halali au wa wizi, kwa hiyo kunyamaza kunatulipa. Mteja akija na karatasi ya namba asiyoijua mwenyewe, kumuuliza swali moja hakutufilisi. Mtu akikuomba usajili laini kwa kitambulisho chako "kwa muda tu", kataa. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lako, maana laini ya mhasibu yule wa kwenye karatasi ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani, na pengine mwenyewe hana habari.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Huku Kilombero mpunga unaanza kuvunwa mwezi Mei, na pesa ikianza kuonekana mikononi mwa watu, simu nazo zinaanza. Chapeni orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni mwezi Aprili, ukurasa mzima, kwa herufi zinazosomeka, tuibandike ukutani kwenye vibanda vyetu. Na mwandishi wenu akija kuandika habari za jukwaa lililofunga, amtafute aliyelianzisha kabla ya kumuuliza mama lishe kwa nini aliamini.

Wakala wa miamala,
Ifakara, Morogoro