Baba mdogo, ni kweli wanauza makanisa, lakini ngoja nikueleze

Shikamoo baba mdogo.

Najua utasema ningepiga simu. Nilipiga Jumapili, ukaniambia mko kwenye mnada baada ya ibada, mkungu wa ndizi umefika bei ya mbuzi na bado watu wanapandisha. Nikasikia vicheko, simu ikakatika. Basi naandika, na naandika mahali pa wazi, kwa sababu ile video uliyoitupa kwenye grupu la ukoo nimeshaikuta kwenye magrupu mengine manne, na swali ulilolibandika chini yake wengi wanaliuliza: "Walituletea dini, leo wanageuza makanisa migahawa. Nyie mlioko huko mnaangalia tu?"

Kanisa la kwenye video nimefika. Liko Maastricht, kusini kabisa mwa Uholanzi. Ni kweli ni duka la vitabu, na ni kweli kwamba mahali palipokuwa na madhabahu watu wanakunywa kahawa, tena kwenye meza yenye umbo la msalaba. Hiyo meza hata mimi ilinikera, sikufichi. Lakini aliyetengeneza video hakukwambia kwamba kanisa lile halikufungwa juzi. Lilikuwa la watawa Wadominikani, likawekwa wakfu mwaka 1294, na sala zikakoma mwishoni mwa karne ya 18, majeshi ya Wafaransa yalipouteka mji na watawa wakafukuzwa. Tangu hapo limewahi kuwa zizi la farasi, likawa ghala, likawa hata mahali pa kuwekea baiskeli. Duka la vitabu limeingia 2006! Walioweka duka walisimamisha makabati meusi ya chuma katikati, yanajitegemea, nguzo za mawe zikabaki kama zilivyo. Unapanda ngazi ndani ya hayo makabati mpaka unakaribia dari, unaiona michoro kwa karibu kuliko walivyoiona waumini wa zamani waliokaa chini. Ukutani kuna maisha ya Mtakatifu Thomas wa Akwino, yamechorwa mwaka 1337. Nilikwenda nimebeba hasira yako, nikarudi na nusu yake.

Yapo yaliyouzwa kweli. Hamburg kuna kanisa la Kilutheri, la kwetu kabisa, lilifungwa 2002 kwa kukosa watu. Likauzwa kwa mwekezaji, likakaa tupu miaka, njiwa wakahamia. Mwaka 2012 wakalinunua Waislamu, wakalikarabati, na tangu 2018 ni msikiti wa Al-Nour. Kelele zilizopigwa hapa Ujerumani wakati ule, nyingi zilitoka kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisa hilo lilipokuwa linawahitaji. Wewe ambaye jirani yako ni Alhaji na mnazikana, nadhani utaelewa kwa nini mimi niliona afadhali hivyo kuliko njiwa.

Sasa sababu. Huku hakuna mnada, baba mdogo. Kuna kodi ya kanisa. Serikali inaikata kwenye mshahara pamoja na kodi nyingine na kulipa kanisa. Hapa Saxony, jimbo la mashariki mwa Ujerumani lenye mji wa Leipzig ninakoishi, ni asilimia 9 ya ile kodi ya mapato unayodaiwa. Mimi nakatwa kila mwezi. Asiyetaka anakwenda ofisini, anasaini karatasi, ameshatoka kanisani kisheria, na mchungaji anapata habari kwa barua. Hakuna wazee wa kanisa watakaokwenda kumgongea mlango jioni. Wakishasaini wengi, paa la miaka mia saba linabaki kwa bibi kumi na wawili. Upande huu wa mashariki mambo yalianza mapema zaidi, maana serikali ya kikomunisti ilitumia miaka arobaini kuwakatisha watu tamaa na kanisa, na ilifaulu. Wengi ninaofanya nao kazi hapa hawana dini yoyote; hawakuiacha, hawakuwahi kuwa nayo.

Na bado makanisa yamesimama. Hilo ndilo lililonishangaza nilipofika, na ndilo ninalotaka kukueleza.

Ukiendesha baiskeli vijijini nje ya Leipzig utakuta mlango wa kanisa umefungwa, na ubaoni kuna karatasi: ufunguo uko nyumba namba fulani. Unakwenda, unapiga kengele, anatoka mzee na aproni ya jikoni, anakupa ufunguo mrefu kama mkono wa mtoto, au anakuja nawe mwenyewe akueleze. Mara ya kwanza nilimwuliza mzee mmoja wa namna hiyo kama yeye ni mzee wa kanisa. Akacheka. Hajabatizwa! Yumo kwenye chama cha marafiki wa kanisa, na vyama hivyo viko vijiji vingi mno huku mashariki. Wanauza keki, wanaandaa muziki wa kinanda, wanaandika barua za kuomba fedha kwa serikali na kwa mifuko ya kuhifadhi majengo, wanatengeneza paa kipande kwa kipande. Nikamwuliza kwa nini anahangaika na nyumba ya Mungu asiyemwamini. Akasema babu yake amezikwa pale uani, na saa ya mnara ndiyo iliyomfundisha kusoma saa. Basi.

Kuna na vichekesho. Mji wa Halberstadt una kanisa la kale la Mtakatifu Burchardi ambalo enzi za ukomunisti lilifugiwa nguruwe. Leo kuna kinanda kidogo kinachopiga wimbo mmoja polepole kiasi kwamba sauti ikibadilika ni habari ya magazetini, na watu wanasafiri kuja kuisikia. Walianza 2001. Utaisha 2640. Nilicheka sana, halafu nikawaza: mtu anayeanza jambo la miaka 639 amejifunga kuhakikisha paa halivuji.

Lakini hasa nilitaka kukusimulia la mji huu wenyewe. Unajua kwamba wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa kutoka hapa Leipzig. Ulinifundisha wewe, kwenye kipaimara. Huenda hujui kwamba mwaka huohuo, katika mji huuhuu, alizaliwa mtoto anaitwa Walter Ulbricht, na mtoto huyo alipokuja kuitawala Ujerumani Mashariki, kanisa kubwa la chuo kikuu cha mji wake lililipuliwa kwa baruti.

Lilikuwa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Limejengwa karne ya 13, Martin Luther mwenyewe alihubiri humo 1545. Mabomu ya vita yaliteketeza majengo jirani, lenyewe likapona. Tatizo lake lilikuwa moja, lilisimama kwenye uwanja uliopewa jina la Karl Marx, na wakubwa walitaka uwanja wa kisasa. Mei 1968 baraza la mji likapiga kura, mkono mmoja tu ukapinga. Wakatoa siku chache za kuokoa vitu. Watu wakabeba madhabahu, mimbari, mawe ya makaburi ya maprofesa, mchana na usiku. Tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi, likalala chini.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna bibi mmoja aliyekuwepo siku hiyo. Amesahau majina ya wajukuu, siku nyingine amesahau kama ameshakula. Vumbi lile hajalisahau. Anasema watu walisimama nyuma ya kamba za polisi, wanamwona mwenzao analia na hawathubutu kumshika mkono, kwa sababu hujui nani anaandika majina.

Wiki tatu baadaye, kwenye sherehe ya kufunga mashindano ya muziki wa Bach, mbele ya wakubwa na wageni kutoka nje, bango kubwa likafunguka lenyewe kutoka juu ya jukwaa. Walilitega kwa saa ya mezani. Limechorwa kanisa, na maneno: tunadai lijengwe upya. Ukumbi ukapiga makofi. Wawili kati ya vijana waliohusika wakatoroka kiangazi hicho kwa boti ndogo ya kukunja, kutoka Bulgaria, kupitia Bahari Nyeusi, mpaka Uturuki. Mimi kila nikipita pale na tramu nawafikiria hao kwenye boti.

Serikali ile ilianguka, na kuanguka kwenyewe kulianzia kanisa lingine la mji huu, la Mtakatifu Nikolai, kwenye maombi ya amani ya Jumatatu mwaka 1989. Ukafika wakati wa kujenga upya. Ungedhani sasa ni rahisi. Wamegombana, baba mdogo! Wengine wanataka kanisa lilelile lilivyokuwa, wengine wanasema chuo kikuu ni cha watu wote, kiwe ukumbi. Lililosimama leo, limefunguliwa 2017, ni ukumbi na kanisa kwa pamoja, la kisasa, na kati ya upande wa madhabahu na upande wa viti kuna ukuta wa kioo. Madhabahu ya zamani imerudi. Mimbari iligombaniwa miaka na miaka. Ni zuri, nimeimba pale na kwaya. Bibi yangu wa kazini nilimpeleka na kiti cha magurudumu. Alitazama, akasema: "Hili nalo ni zuri." Akaomba turudi, anasikia baridi.

Hapo ndipo wazo langu lilipogeuka: kilichobomolewa, ukijenga tena, unapata kingine. Dresden walijenga upya kanisa lao kubwa lililoporomoka kwenye vita, wakamaliza 2005, kwa michango iliyotoka duniani kote, na mawe ya zamani yaliyoungua wameyarudisha ukutani, meusi kati ya mapya, hata mgeni asiyesoma kitu anaelewa. Ni kazi kubwa. Ilikuja miaka sitini baadaye.

Na yapo yasiyorudi kabisa. Sinagogi kubwa la Wayahudi wa Leipzig lilichomwa na Wanazi, watu wa Hitler, usiku mmoja wa Novemba 1938. Pale lilipokuwa pana viti 140 vya shaba, vitupu, vimepangwa kama vya ibada, nje, kwenye mvua. Mitaa michache kutoka hapo kuna sinagogi dogo ambalo halikuchomwa usiku ule, na wala si kwa huruma. Juu yake walikuwa wanaishi wapangaji, moto ungewamaliza nao. Leo bado linasaliwa. Nyumba ya Mungu imeokolewa na wapangaji wa ghorofani.

Halafu kuna Heuersdorf, kusini ya hapa. Kijiji kilikaa juu ya makaa ya mawe, wakakipigania mahakamani miaka mingi, wakashindwa. Kijiji kikabomolewa. Kanisa lao dogo la mawe, la zaidi ya miaka mia saba, likafungwa vyuma, likapandishwa kwenye gari lenye magurudumu mengi kama jongoo, likasafirishwa mwendo wa kinyonga kilomita 12 hadi mji wa Borna. Lilifika tarehe 31 Oktoba 2007, Siku ya Matengenezo ya Kanisa. (Kiruna, Sweden, wamefanya hivyohivyo Agosti 2025 na kanisa kubwa zaidi, la mbao, kwa sababu ya mgodi wa chuma.) Nimekwenda Borna kuliona. Lipo salama, limepakwa rangi, maua mlangoni. Nilimwuliza mama aliyenifungulia ufunguo uko nyumba gani. Akasema hapa hakuna haja, kuna saa za kufungua.

Sasa nikuulize. Kwenye picha za kamati ya ujenzi ulizotuma baada ya ile video, kanisa jipya limechorwa na vioo vya aluminiamu na minara miwili, na mahali lilipo kanisa la zamani pameandikwa "maegesho". Mimi sina neno juu ya kanisa jipya. Watu wanasimama nje kwenye mvua kila Krismasi, nimesimama nao. Sijui pia kama kuta zile za mawe za wamisionari zitabeba miaka mingine hamsini. Hilo mwulizeni fundi, tena mwulizeni wawili. Ila uliandika "hilo la zamani halina kazi tena", na hapo ndipo nimekaa wiki nzima nikikwama. Watoto wa Jumapili wanasoma wapi? Kwaya inafanyia mazoezi wapi siku lile kubwa lina harusi? Babu alibeba mawe yale kutoka mtoni kwa mabega, ulitusimulia wewe, na bado unaweza kuonyesha lipi ni lake.

Mkiamua kubomoa, mtabomoa, nami nitatuma ahadi yangu kama nilivyosema. Lakini kuna kitu nakuomba kabla ya hapo. Panda kwenye mnara na taa, utazame kengele. Nakumbuka ina maandishi ya Kijerumani kuzunguka ukingo, na mwaka, ila tulipokuwa watoto hatukuruhusiwa kufika karibu. Huku kengele nyingi za wakati ule hazipo tena. Katika vita vyote viwili vikuu serikali yao yenyewe ilizishusha minarani kwa makumi ya maelfu, ikaziyeyusha kutengeneza silaha. Ya kwetu huenda imepona kwa kuwa tu ilikuwa mbali, juu mlimani, ikiita watu wa migombani.

Piga picha maandishi yote, mzunguko mzima, usiruke herufi hata kama imeota kutu. Mtu akushikie ngazi, siyo yule kijana wa mama Neema, ana kizunguzungu. Nitumie mimi binafsi, siyo kwenye grupu.

Mama mdogo msalimie sana. Mwambie kahawa yake imefika, na huku hakuna ya kuifikia, hata ile ya Maastricht.