Maua ya Dodoma yanachomwa moto, mezani tunaweka ya plastiki

Mhariri, salamu nyingi kutoka Ipagala hapa Dodoma. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo ninalo moyoni siku nyingi, na nikiwaambia watu wananisikiliza vizuri tu alafu yanaishia hapohapo.

Ni hivi. Jiji letu sa hivi kumbi ziko kila kona, leo harusi kesho sendoff keshokutwa kipaimara, bado semina na mikutano, na karibu kila ukumbi ukiingia mezani unakuta maua ya plastiki yameshika vumbi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima na tukazoea, sasa haya maua mbona tumeyang'ang'ania? Na hapohapo nje, bogenvilia imemwaga maua mpaka njia haionekani, mlinzi anafagia anakusanya anatia kiberiti.

Mimi hayo maua nayaokota. Nayabana kwenye magazeti yenu yaliyokwisha kusomwa, yakikauka nayapanga kwenye kadi na kwenye fremu za kioo. Gazeti ndo linafaa kuliko kitu chochote maana linanyonya maji, majarida yale ya karatasi ya kung'aa hayanyonyi kitu, ua linabaki na unyevu linaoza. Hata wataalam wa mimea wanakausha hivyohivyo kwenye magazeti, na Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, sio mchezo wa watoto kama nilivyoambiwa kwenye duka moja la zawadi hapa mjini nilipopeleka kadi zangu. Yule dada hata bahasha hakufungua. Iliniuma sana.

Na kitu ambacho watu hawakioni ni kwamba Dodoma ndo penyewe kwa kazi hii. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili basi, miezi mingine yote hewa ni kavu na upepo juu, mwezi wa saba ua jembamba linakauka siku saba mpaka kumi. Nina ndugu yangu Tanga alijaribu akaishia kupata ukungu kwenye karatasi zote kwa sababu ya hewa ya bahari. Sisi tunalalamikia ukame kila siku kumbe una faida yake hapa.

Namna ya kufanya ni rahisi ila inataka uvumilivu. Chuma saa nne asubuhi hivi, umande ukishakauka, usichume baada ya mvua. Panga maua yasigusane, chini na juu weka karatasi nyeupe ili wino wa gazeti usishike kwenye petali, alafu ndo magazeti, alafu ubao, juu matofali mawili. Siku tatu za mwanzo badilisha magazeti kila siku, hapo ndo wengi wanaharibu, wanaweka wanasahau, wakifungua wanakuta kahawia tupu. Bogenvilia haina shida kabisa kwa sababu ni nyembamba kama karatasi tangu ikiwa mtini. Waridi ng'oa petali mojamoja. Mkrismasi unakauka vizuri japo wekundu unapungua, na majani ya mlonge ni madogo ya duara yanapendeza sana pembeni ya kadi. Gundi tumia ile nyeupe, kidogo sana kwa ncha ya kijiti. Kama unapeleka stesheneri wakulaminishie hakikisha limekauka kabisa, likiwa na unyevu ule moto unaliharibu. Na fremu usitundike juani, jua linakula rangi.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni jani la mzabibu. Kila msimu wakulima wakishavuna wanapogoa, majani kibao yanatupwa, na jani lile lina umbo lake ambalo mtu yeyote akiliona kwenye kadi anajua hii imetoka Dodoma. Lioshe vizuri tu kwa sababu ya dawa walizopuliza. Mgeni anakuja na treni kutoka Dar anamaliza mkutano anataka kitu cha kupeleka nyumbani, anauziwa nini? Vitu vilivyotoka nje ya nchi. Kadi yenye jani la zabibu la Hombolo ingemtosha kabisa.

Na wala sio ujuzi wa kigeni. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Mvumi, tangu binti mdogo anakausha majani ya mlenda ya kula kiangazi kizima, yeye anaanika juani mimi nabana kivulini, lakini ndo aliyenifundisha kujua jani limekauka kwa kusikiliza, ukilitikisa linatoa sauti kama karatasi. Hata magadi anayopikia mlenda mimi nayatumia kuchemshia majani ya mpera moto mdogo mpaka nyama ya jani inalainika, nasugua taratibu na mswaki, inabaki mishipa mitupu kama wavu. Sufuria ya kazi hiyo iwe yake peke yake usirudi kupikia chakula.

Ombi langu Mhariri ni mbili. Wenye kumbi na kamati za harusi, kabla hamjaagiza maua ya plastiki waulizeni wadada na vijana wa hapa wawatengenezee, hata meza kuu tu kwa kuanzia. La pili, mtupe hata nusu ukurasa wikiendi moja mwezi wa saba, tufundishane kwa picha.

Na wasomaji wa Singida naomba mniandikie kupitia hapahapa, petali za alizeti mnazikaushaje zikabaki njano? Zangu kila mara zinapauka.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma