Orodha Imesimama Kwenye Mlango Usiopitwa

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Najua miezi mingi imepita bila mimi kukuandikia, tangu ile siku tulipomuaga Mzee Kebo, na ninakuomba radhi kwa kimya hicho. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo linalonikosesha usingizi, na miongoni mwa watu ninaowafahamu wewe ndiye uliyekaa na swichi za mtandao kwa muda mrefu kuliko wote. Jumamosi usiku nitaweka orodha mpya za kudhibiti ufikiaji, yaani mistari inayoamua pakiti zipi za data zipite na zipi zikataliwe, kwenye swichi kuu ya kazini, na kabla sijafanya hivyo ninaomba jicho lako lizipitie.

Nikueleze kwanza hali ilivyo. Mtandao wetu umegawanywa katika VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya vifaa vilevile: tuna VLAN ya seva yenye anwani za 10.20.10.0, VLAN ya wageni wanaotumia Wi-Fi yenye 10.20.30.0, na VLAN ya kamera za usalama yenye 10.20.40.0, zote zikiwa na maski ya biti 24, yaani namba tatu za mwanzo hutaja mtandao na ya mwisho hutaja kifaa. Swichi hiyohiyo ndiyo inayopitisha pakiti kutoka VLAN moja kwenda nyingine, na hadi mwezi uliopita hapakuwa na kizuizi chochote kati yake: simu ya mgeni iliweza kufungua ukurasa wa kuingilia wa seva yoyote. Niliagizwa nitenganishe mambo hayo kwa orodha, bila kununua faiwoli nyingine, nami nililikubali agizo hilo kwa sababu naamini linawezekana.

Orodha ya wageni ndiyo niliyoanza nayo, na ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Niliandika kwamba wageni waruhusiwe kuifikia seva ya majina, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, 10.20.10.5, kwa poti 53, ambayo ni namba ya mlango wa huduma hiyo. Kisha wakatazwe kufika kwenye anwani zote za binafsi zilizotengwa na waraka wa intaneti RFC 1918 wa mwaka 1996, yaani 10.0.0.0 kwa biti 8, 172.16.0.0 kwa biti 12 na 192.168.0.0 kwa biti 16. Kisha waruhusiwe kwenda popote pengine. Kila mstari ulianza na chanzo 10.20.30.0, ili anayejivika anwani isiyo yake aangukie katazo lile lisiloandikwa ambalo kila orodha huishia nalo. Nilisoma mara tatu, nikaifunga kwenye kiolesura cha VLAN, upande wa pakiti kuingia kwenye swichi, nikajaribu kwa simu yangu mwenyewe, na kila kitu kikaenda sawa. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha.

Asubuhi yake wageni wote walioingia jengoni hawakupata anwani. Simu zao ziliunganika na Wi-Fi, zikabaki zinazunguka, huku simu yangu ikiendelea kufanya kazi kwa sababu ilikuwa na anwani ya jana yake. Nilihangaika kwa muda mrefu nikikagua seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, ambayo haikuwa na kosa lolote, hadi nilipokaa chini na kujiuliza simu mpya inasema nini inapoomba anwani kwa mara ya kwanza. Inasema kutoka 0.0.0.0, poti 68, kwenda 255.255.255.255, poti 67. Chanzo chake ni 0.0.0.0 kwa sababu bado haina anwani! Hakuna mstari wangu hata mmoja uliomtambua mtu wa namna hiyo, kwa hiyo ombi lake liliangukia katazo la mwisho na likafa pale mlangoni, kabla swichi haijalipeleka kwa seva. Hata walio na anwani wangekwama baadaye, kwa kuwa ombi la kuongeza muda huenda moja kwa moja kwa seva iliyo ndani ya 10.0.0.0, na hilo nililikataza kwa mkono wangu. Mstari mmoja wa kuruhusu UDP, aina ya ujumbe inayotumiwa na DHCP, kutoka poti 68 kwenda poti 67, bila kujali chanzo, ukiwekwa juu kabisa, ulimaliza tatizo. Ulinionya zamani kwamba orodha husomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Nililielewa neno hilo kwa kichwa, lakini siku ile nililielewa kwa mwili mzima.

Hayo yamepita. Jambo linalonisumbua ni kamera.

Kamera zetu zinatakiwa kuzungumza na mashine ya kurekodi peke yake, ambayo ni 10.20.10.8, na kuuliza saa kwenye seva ya muda kwa poti 123. Mashine ya kurekodi ndiyo inayoanzisha mazungumzo kwa TCP poti 554, na picha hupita ndani ya muunganisho huohuo, kwa hiyo kinachotoka kwa kamera ni majibu tu. Kwa kuwa orodha ya swichi haikumbuki nani alianza kuzungumza, nimeandika kwamba kamera iruhusiwe kutuma TCP kutoka poti 554 kwenda mashine ya kurekodi, kwa sharti kwamba pakiti iwe na biti ya ACK au ya RST, alama ambazo ombi la kwanza la kufungua muunganisho halina. Kamera iliyotekwa bado inaweza kujitungia biti hiyo, nalijua hilo, lakini haiwezi kufungua muunganisho mpya wa TCP kwenda kwenye seva zetu, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mstari wa mwisho nilioandika unakataza kila kitu kingine, zikiwemo kamera kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Nililisisitiza sana hilo la mwisho, kwa maana kifaa kimoja chenye nywila dhaifu kikishaingiliwa, cha kwanza kushambuliwa ni jirani zake.

Jumatatu nilichomoa kebo ya kamera moja ya ukumbini, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikaipa anwani ya kamera ile, na kuanza kupima. Seva zilikataa kila mlango, nikafurahi. Kisha nikaandika anwani ya kamera ya jirani. Ukurasa wake wa kuingilia ukafunguka mbele yangu, na jina la mtumiaji likiwa limekwisha jazwa. Nilitazama hesabu ya mstari wa katazo kwenye swichi: sifuri. Kwanza nilidhani ni ile hali ya swichi nyingi kutohesabu vizuri pakiti zinazoamuliwa na maunzi, nikarudia jaribio huku nikibadilisha hiki na kile, nikaifuta orodha nzima na kuiandika upya, na ukurasa uleule ukaendelea kufunguka. Nilipoteza siku mbili hapo.

Jawabu lilikuwa rahisi, na bado linanisumbua kwa urahisi wake. Orodha niliifunga kwenye kiolesura cha VLAN, na kiolesura hicho ni mlango wa kutokea VLAN kwenda nje. Kamera mbili zilizo katika VLAN moja hazipiti hapo hata kidogo. Swichi hutazama anwani ya MAC, ile ya kifaa chenyewe, hutoa fremu iliyobeba pakiti kwenye tundu la pili, basi. Nilimweka mlinzi hodari getini, nikampa maagizo kamili kuhusu watu wanaozungumza uani, naye hawaoni. Na kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mtu akiusoma usanidi wangu atauona mstari wa katazo umeandikwa wazi na kuamini kwamba kamera zimetenganishwa. Mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Sasa nina njia tatu mbele yangu, na hapa ndipo ninapokuhitaji.

Njia ya kwanza ni kufunga orodha kwenye kila tundu lenye kamera, upande wa kuingia, ikikataza 10.20.40.0 kwenda 10.20.40.0 na kuruhusu yale machache yanayostahili. Naipenda kwa sababu inaihukumu pakiti pale inapokanyaga swichi kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa ARP, lile swali la kutafuta MAC ya anwani fulani, si IP, orodha ya IP haiigusi, hivyo kamera bado zitaweza kulitafuta lango lao. Kasoro yake ni wingi wa matundu. Siku fundi atakapohamisha kamera kwenda tundu lisilo na orodha, hakuna atakayejua.

Njia ya pili ni ramani ya VLAN, ile inayochuja kila kitu kinachopita ndani ya VLAN bila kujali upande. Nimeisoma kwa makini na imenichanganya mahali pamoja ambapo nataka unisahihishe kama nimekosea. Ndani ya ramani, neno la kuruhusu kwenye orodha halimaanishi kwamba pakiti ipite. Lina maana kwamba pakiti imelingana, na kitendo cha ramani ndicho kinachoamua kama itatupwa au itapelekwa mbele. Kwa hiyo ili kutupa mazungumzo ya kamera kwa kamera, ninapaswa kuandika orodha inayoyaruhusu, kisha kuiambia ramani iyatupe. Nimeandika hivyo, nikaongeza kipengele cha pili cha kupeleka mbele IP yote iliyobaki, kwa sababu ramani ikishataja IP mahali popote, IP isiyolingana na kipengele chochote hutupwa, na mashine ya kurekodi ingekatika pamoja na wahalifu. Najihisi sijatulia na kitu ambacho neno lake linasema kinyume cha tendo lake. Mtu wa zamu ya usiku atausoma vipi?

Njia ya tatu ni kuyafanya matundu ya kamera yawe ya kulindwa, yasipelekeane fremu. Ni amri moja kwa kila tundu, lakini ulinzi huo unaishia ndani ya swichi moja, nasi tuna kamera kwenye swichi tatu. Najua VLAN za binafsi hufanya kazi hiyo hata kwa swichi nyingi, ila swichi zetu ndogo mbili haziziwezi, na sitaki... basi, tuliache hilo.

Moyo wangu uko kwenye njia ya kwanza, na ninaogopa kwamba ninaipenda kwa sababu tu ndiyo ninayoielewa. Kuna pia suala la nafasi. Swichi huamua kwa kasi kwa sababu mistari ya orodha hupakiwa kwenye kumbukumbu maalumu ya TCAM, na kumbukumbu hiyo ina kikomo. Ikijaa, kutegemea aina ya swichi, ama orodha hukataliwa au pakiti huangushiwa prosesa, ambayo haikuumbwa kwa mzigo huo. Ili nisiielemee prosesa hiyo, nimeondoa maagizo ya kuandika kumbukumbu za matukio kwenye mistari yote isipokuwa miwili.

Nimwombee heri pia kijana wetu wa mafunzo, yule aliyeletwa na Mama Neema. Ana bidii kweli. Wiki iliyopita aliandika 255.255.255.0 pale swichi ilipotaka maski iliyogeuzwa, 0.0.0.255, na mstari wake ukawa unamtambua yeyote ambaye anwani yake inaishia na sifuri, yaani karibu hakuna mtu. Swichi haikulalamika. Nilikaa naye, tukaziandika biti kwenye karatasi moja baada ya nyingine, sifuri kwa biti inayopaswa kulingana na moja kwa biti isiyojaliwa, na nilimwona uso unabadilika alipoelewa.

Kwa usalama wa Jumamosi, nitaiamuru swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10 kabla sijagusa kitu, na sitahifadhi usanidi mpya hadi nione kila kitu kinapita. Nikijifungia nje, itarudi yenyewe kwenye usanidi wa zamani. Orodha ya kuingia kwenye swichi yenyewe kwa SSH, njia ya kuiamuru kutoka mbali, nimeifunga kando, kwenye njia za usimamizi, kwa sababu swichi ina anwani katika kila VLAN na sitaki kutegemea orodha za VLAN kuilinda.

Orodha tatu nimekuambatishia kwenye karatasi ya pili, nimeacha nafasi pembeni uandike. Je, ungechagua njia ipi kwa kamera, na kwa nini? Umewahi kuona ramani ya VLAN ikidumu miaka mikononi mwa watu wasioiandika? Mstari wa ACK na RST unakutosha, au unaona nimejipa moyo bure? Kuna kitu kama kile cha 0.0.0.0 ambacho sijakiona, kitu kinachozungumza kabla hakijawa na jina? Na IPv6, ule mfumo mpya wa anwani, je? Tumeizima kwenye kiolesura cha VLAN ya kamera, lakini kamera zenyewe bado zinajipa anwani za fe80, zinazofanya kazi ndani ya VLAN ileile tu, na hakuna hata mstari mmoja kati ya yote niliyoandika unaozihusu. Hilo nimeligundua leo nikiwa nakuandikia, na sasa naona njia ya kwanza haijakamilika bila orodha ya pili kwenye kila tundu. Unakubali?

Nijibu kabla ya Jumamosi jioni, hata kwa maneno machache. Nitakuwa chumba cha swichi kuanzia saa nne usiku nikiwa na kebo ya konsoli mkononi, na simu yangu itakuwa wazi.

Msalimie shemeji, na umbusu Pili kwa niaba yangu.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.